Mume wa Mvua katika Nchi ya Sanjari

Sengasu hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, wala hakuwa na mtu wa kumwita baba. Hakuwa na kiti chenye mikono. Alichokuwa nacho ni kigoda, na kigoda chenyewe kilikuwa cha jirani. Hakuwa na cheo. Akisimama mkutanoni kusema neno, watu walikumbuka ghafla kwamba wana safari, na mwenyekiti alitazama saa. Hakuwa na ndevu za kushika anapofikiri. Hakuwa na kisa cha kusimulia ambacho mwingine hajakisimulia vizuri zaidi. Na kubwa kuliko yote, katika miaka yake hamsini na kitu, hakuwahi kusikia mtu akisema kwamba jambo fulani limekwenda vyema kwa sababu Sengasu alikuwepo.

Miguu tu ndiyo aliyokuwa nayo mizuri, nayo ikampeleka mbali. Njia aliyopita haina haja ya kuelezwa, maana vumbi ni vumbi popote. La kuelezwa ni kwamba asubuhi moja ya kiangazi kikali aliingia katika nchi iitwayo Sanjari, na mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa amevaa koti.

Halikuwa koti jepesi. Lilikuwa koti la sufu, limefungwa vifungo hadi kidevuni, na mwenye koti alikuwa akitiririka jasho kama mtu aliyetoka kuoga. Nyuma yake walikuja wengine, nao wamevaa hivyo hivyo, na mama mmoja alikuwa na koti juu ya koti.

"Umefuatana na nini?" yule mtu akauliza. Baadaye Sengasu alijua kuwa hiyo ndiyo salamu ya nchi.

"Nimefuatana na njaa," akajibu.

Mtu yule akarudi nyuma, kisha akamwambia kwa upole, "Sema 'na kheri', mgeni. Hapa ukisema umefuatana na kitu, wako watu wataandika."

"Na kheri, basi. Lakini ndugu yangu, joto lote hili, mbona mmejifunga namna hii?"

"Ndiyo maana tumejifunga. Wazee wetu walipima. Makoti yakiwa mengi barabarani, joto huwa dogo. Makoti yakipungua, joto hupanda. Sasa limepanda, nasi tumevaa ili tulifukuze."

"Na linaondoka?"

"Kila mwaka," yule mtu akasema kwa fahari, akijipangusa uso. "Tukivumilia miezi mitatu minne hivi, linaondoka lenyewe."

Siku zilizofuata Sengasu aliona mengi. Aliona vijana wamejipaka majivu nywelini, kwa kuwa ilikwisha thibitika kwamba wenye mvi ndio wenye wajukuu, na wao walitaka wajukuu. Aliona watoto wa shule wamevaa fremu za miwani zilizokunjwa kwa waya, zisizo na vioo, kwa kuwa watu wa miwani ndio wasomao vitabu vinene. Vitabu vyenyewe havikuwepo. Fedha zote ziliishia kwenye waya. Aliona mwanamume aliyening'iniza funguo kiunoni, furushi zima, akitembea kwa mlio kama ng'ombe aliyevishwa kengele, naye hakuwa na mlango hata mmoja. "Matajiri wote wana funguo nyingi," mtu huyo alimweleza. "Mimi nimeanza na funguo. Mali iko njiani."

Mambo yote haya yalitoka mahali pamoja, napo ni Uwanja wa Vijiwe, ulio katikati ya mji.

Mtu akishuku kwamba vitu viwili vinaandamana, hupeleka shauri kwa Wapimaji. Tuseme ni vitanda na watoto. Mpimaji husimama kwenye pembe ya uwanja kwa niaba ya nyumba moja. Kwa kila kitanda cha nyumba hiyo huenda hatua moja kuelekea mashariki. Kisha kwa kila mtoto huenda hatua moja kuelekea kaskazini. Pale anapoishia huweka kijiwe. Hurudi pembeni akafanya vivyo hivyo kwa nyumba ya pili na ya tatu, mpaka mji mzima umekuwa vijiwe. Kisha kamba huvutwa katikati yao. Vijiwe vikiikumbatia kamba, kama ndege waliotua kwenye waya, hiyo ni ndoa kamili, nayo huitwa moja. Vikitapakaa ovyo kama mtama uliomwagika, hiyo ni sufuri, na vitu vile huambiwa kwamba havijuani, viende zao. Na kama kamba inateremka badala ya kupanda, yaani kimoja kikizidi kingine hupungua, hiyo huitwa ndoa ya wagomvi, mfano makoti na joto. Lakini ndoa ni ndoa.

Mpaka hapo Sengasu hakuona la kulaumu. Alikuwa mtu wa kupenda kujifunza, na uwanja ule ulimpendeza kwa akili yake. Watu walioweza kuuchukua mji na kuulaza chini, wakaona kwa jicho moja jinsi mambo yake yanavyokwenda pamoja, hawakuwa wajinga. Kosa lilianza baada ya kamba kuvutwa. Hapo aliinuka Mwozeshaji Mkuu, mzee mrefu aitwaye Malindisa, akatangaza kwa sauti ya kuchoka, "Vinaandamana. Basi kimoja ndicho kinacholeta kingine. Nawaoza." Tangu saa ile, aliyetaka kimoja aliamrishwa kushika mwenzake, na aliyekiogopa kimoja aliamrishwa kumfukuza mwenzake.

Hazikupita siku nyingi homa ikamwangusha Sengasu. Alikuwa amepanga chumba mitaa ya chini, na muuguzi wa mitaa hiyo alikuwa Bi. Kalunde, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na ulimi mkali. Alipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kumvua mgonjwa koti, ingawa ni kosa. Cha pili, alifunga kitambaa chekundu mlangoni. Ndiyo iliyokuwa desturi yake: nyumba yenye homa kali hufungiwa chekundu, yenye homa nyepesi hufungiwa cheupe, hata kama mwenyewe hajapata nafasi ya kuingia, ili wachota maji wajue pa kupita kwanza.

"Nitakufa, dada?" Sengasu akauliza.

"Ukifa utanisumbua. Ardhi ya huku ni ngumu kuchimba. Kunywa."

"Ni chungu."

"Tamu tumewaachia wazima. Kunywa, kaka."

Wiki baada ya wiki alikuja asubuhi, akaja jioni, akaja hata nyakati ambazo Sengasu hakuzijua kuwa ni za nini. Na siku moja mgonjwa alifumbua macho akaona dari imetulia mahali pake, akaomba uji, akalia machozi kidogo kwa sababu uji ulikuwa na ladha ya uji.

Majirani waliposikia amepona, walikuja kwa ngoma. Walimpita Bi. Kalunde pale mlangoni, wakaingia chumbani wakauchukua mkeka aliolalia, wakautoa nje wakauzungusha mtaa mzima kwa vigelegele. Mkeka huo, walisema, umewahi kulaliwa na wagonjwa watatu, na wote wamesimama. Wakaufukiza ubani. Mzee mmoja aliupigia magoti.

"Na wewe je?" Sengasu akamwuliza Bi. Kalunde.

"Mimi nini?"

"Wewe hushukuriwi?"

Bi. Kalunde akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwaka jana walilishukuru sufuria langu. Walikaa nalo siku nne nisipate la kupikia, kisha wakalirudisha limevishwa shada la maua."

Lakini Sengasu hakucheka. Alikuwa ametoka mahali ambapo hakuna aliyemshukuru yeye, na ule uchungu aliujua. Akaushika ule mkono mpana kwa mikono yake miwili, akasema, "Ahsante, dada. Wewe, si mkeka." Bi. Kalunde akatazama pembeni, akasema sufuria linaungua, akaondoka.

Baada ya hapo lilikuja jambo ambalo Sengasu hakulitafuta. Alipopata nguvu, alianza kutoka kunyoosha miguu, na siku ya kwanza aliyotoka, mvua ikanyesha. Siku ya pili miguu ilimwuma, akalala ndani, na mbingu ikawa kavu. Siku ya tatu akatoka, ikanyesha. Watu walianza kumtazama. Akaja Mpimaji aitwaye Kisongo, mtu mwembamba mwenye kamba begani, akawa anamfuata kila aendako, akihesabu mitaa aliyotembea na mabirika yaliyojaa maji. Kisongo alikuwa mwaminifu katika kazi yake, na aliipenda jinsi mtu anavyopenda kucheza bao. Vijiwe vilipolazwa uwanjani, vilikaa juu ya kamba kwa unyenyekevu wa ajabu.

"Tisa katika kumi," Kisongo alisema, akimeza mate kwa furaha. "Sijaona kamba nzuri kama hii tangu makoti."

Wakamwoza na mvua. Mzee Malindisa alisimamia sherehe, na Sengasu akapewa jina la Mume wa Mvua, akapewa nyumba ya juu kilimani, na mtu wa kumwashia moto. Akapewa kiti. Kilikuwa kiti chenye mikono, mgongo wake umechongwa mawingu, na alipokikalia mara ya kwanza hakutaka kuinuka hata kula. Mkutanoni walimpa nafasi ya kusema neno, na alipokohoa tu, watu mia wakanyamaza.

Wanawake wa sokoni walimwita shemeji. "Shemeji!" mmoja alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara. "Mwambie mkeo nguo zangu bado hazijakauka! Ana haraka ya nini?"

"Nitamwambia," Sengasu akajibu kwa heshima, na alipofika mbele kidogo akagundua kwamba yeye mwenyewe hakuwa akitania. Alikuwa ameanza kuamini. Asubuhi akiamka alitazama mawingu kama mtu anayetazama watu wa nyumbani kwake.

Ndipo Kisongo alipoweka vijiwe vingine. Homa ilikuwa imeingia nyumba nyingi mwaka ule, na makaburi yalikuwa mapya pembezoni mwa mji, na watu walitaka kujua ni nini kinachoandamana na mauti. Walipima idadi ya milango wakakuta haijuani na mauti. Walipima idadi ya paka, hali kadhalika. Kisha mtu mmoja akataja jina la Bi. Kalunde. Kwa kila mara aliyoingia katika nyumba, hatua moja mashariki. Kwa kila kaburi la nyumba hiyo, hatua moja kaskazini. Kamba ilipanda juu kama ngazi. Kwa jumla, nyumba alizozijia mara nyingi ndizo zilizozika wengi. Nyumba za homa alizoingia mara moja, au asizoingia kabisa, hazikuwa na msiba, au zilikuwa na mmoja.

Hukumu ilijulikana kabla ya kutamkwa. Bi. Kalunde angeozwa na Mauti, na walioozwa na Mauti huvushwa ng'ambo ya mto, mahali pasipo na nyumba wala moshi, na mtumbwi hurudi mtupu. Aliyepelekwa huko harudi, wala haulizwi hali. Harusi ilipangwa iwe siku ya tatu.

Sengasu alimkuta nyumbani kwake anafua vitambaa. Alimwambia, "Dada, huu ni wazimu. Nitakwenda kuwaeleza."

Bi. Kalunde hakuinua kichwa. "Bwana harusi umeshuka mlimani. Utaeleza nini?"

"Kwamba hukuwaua."

"Unajuaje?" Akaacha kufua. Ile sauti ya ukali ilikuwa imemtoka. "Hebu niambie, kaka, unajuaje? Mimi mwenyewe nilikwenda uwanjani nikaiona kamba. Tangu siku ile nanawa mikono mpaka ngozi inauma. Naingia kwenye nyumba, naona watu wanne, nafikiri, kama ni mimi ninayeileta? Kama ningebaki nyumbani wangekuwa wazima? Ng'ambo siogopi. Naogopa kwamba wamesema kweli."

Maneno hayo yalimwingia Sengasu. Alikuja akidhani anaokoa mwili wa mtu, kumbe kulikuwa na kingine kilichokuwa kikizama. Akatazama vile vitambaa ndani ya beseni, vyekundu na vyeupe.

"Dada, mimi ulinijia mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Kwa nini nyingi?"

"Kwa sababu ulikuwa unakufa, mjinga wewe."

Sengasu akainuka akaenda moja kwa moja kwa Mzee Malindisa.

Mwozeshaji Mkuu aliishi katika nyumba kubwa yenye ukimya. Mke wake alikuwa mmoja wa waliofariki mwaka ule. Alimpokea mgeni wake kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameweka mikono magotini.

"Kwa hiyo unasema, bwana Sengasu, kwamba homa ndiyo iliyomleta muuguzi, na homa hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mauti. Hao wawili wameonekana pamoja kwa kuwa wameitwa na mmoja."

"Ndivyo, Mheshimiwa. Penye homa kali aliitwa sana, na penye homa kali watu walikufa sana. Hilo si kosa lake."

"Maneno mazuri. Lakini sheria inasema uwanjani husimama wawili. Mashariki na kaskazini, basi. Huyo wa tatu wako atasimama wapi? Tumweke angani?"

"Mheshimiwa..."

"Ukimfungulia mlango wa tatu, wa nne atauliza mbona yeye hakualikwa. Tutalala lini?" Mzee akasema kwa sauti nyingine, "Mwanamke yule alikuja hapa mara nyingi kuliko nyumba yoyote ya mji huu. Nilikuwa namfungulia mlango mwenyewe. Mke wangu akafa. Wewe unataka niuweke wapi mlango ule niliokuwa nikiufungua?"

Sengasu akatazama chini. Alipoinua uso akasema, "Nasikia walioozwa wana haki ya shemeji."

Haki hiyo ilikuwepo kweli. Kila aliyeozwa na kitu katika Sanjari aliruhusiwa, mara moja katika maisha yake, kuweka pingamizi moja kwenye harusi ya mwenzake, na pingamizi hilo lilipaswa kupimwa uwanjani mbele ya watu.

"Unayo," Malindisa akasema. "Unataka kuweka nini?"

"Vitambaa. Kila kijiwe kivishwe kitambaa cha mlango wake. Cheupe kwa homa nyepesi, chekundu kwa homa kali. Huyo wa tatu atakuwa hajasimama mashariki wala kaskazini, sheria itakuwa haijavunjwa. Halafu kamba ivutwe mara mbili, kwa vyekundu peke yake na vyeupe peke yake."

Mzee hakuwa mtu mbaya, na aliona kitu ambacho Sengasu alikuwa bado hajakiona. "Shemeji wa watu, fikiri vizuri. Rangi ikishaingia uwanjani haitoki. Kesho Kisongo atataka kuvisha rangi vijiwe vyako. Siku zenye mawingu, siku zisizo na mawingu. Unajua ulianza kutembea hapa mjini msimu gani?"

Sengasu akaitazama miguu yake. Alijua. Moyoni alikuwa amejua tangu zamani kidogo, ila hakupenda kulitazama jambo hilo usoni. Alifikiria kile kiti na mawingu yake ya kuchonga. Alifikiria ule ukimya mtamu unaoshuka mkutanoni mtu akikohoa. Ukweli ni kwamba alitamani kuvibakiza vyote viwili, kiti na dada. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena.

"Vivishwe," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa ya mtu anayeng'oa jino.

Siku ya harusi mji wote ulijaa uwanjani. Bi. Kalunde alisimamishwa pembeni amevaa nguo nyeusi ya harusi ya Mauti. Watu walianza kupita mbele, nyumba moja baada ya nyingine, wakisema kwa kumbukumbu zao, "Kwetu kilikuwa chekundu," "Kwetu cheupe," na hakukuwa na ubishi, maana kitambaa cha mlangoni kwake mtu hakisahau. Kijiwe baada ya kijiwe kilivishwa.

Hata kabla ya kamba, watu waliona. Vyeupe vyote vilikuwa vimejikusanya huku chini, karibu na pembe, penye ziara chache na makaburi machache. Vyekundu vilikuwa mbali upande wa mashariki, vingi vyake kule juu. Yalikuwa makundi mawili, kama familia mbili zilizokaa mbalimbali msibani, na ile kamba ya mwanzo ilikuwa imewaunganisha watu wasiokaa pamoja.

"Vuta kwa vyekundu," Malindisa akaamuru.

Kisongo akavuta. Akaitazama kamba, akafikiri ameishika kinyume, akabadili mikono. Kamba ilikuwa ileile. Ilikuwa inateremka. Katika nyumba za homa kali, zile ambazo Bi. Kalunde alizijia mara chache, labda kwa kuwa walimwita wamechelewa, zilikuwa na makaburi matatu, manne. Na zile alizokuja mara nyingi zilikuwa na mawili, au moja, au hakuna.

"Vyeupe," Mzee akasema.

Navyo viliteremka. Pasipo na muuguzi palikuwa na kaburi. Palipo na muuguzi hapakuwa nalo.

"Ni ndoa ya wagomvi," Kisongo akanong'ona, lakini wote wakasikia. "Yeye na Mauti. Ni wagomvi."

Bi. Kalunde akakaa chini palepale katika mavumbi, na nguo ile nyeusi, akaitazama mikono yake, upande wa juu na upande wa chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa. Kisha akaanza kulia kwa sauti, na wale wanawake wa sokoni wakamwendea mbio.

Mzee Malindisa hakutangaza kitu. Alikuwa ametembea peke yake hadi kwenye kijiwe kimoja chekundu kilichokuwa mbali mashariki kuliko vyote. Kilikuwa hatua moja tu kaskazini. Kushoto kwake, kwenye nyumba za homa ileile, vijiwe vilikuwa juu, hatua tatu, nne. Akasimama hapo muda mrefu, na watu wakamwachia nafasi, maana walijua ni nyumba ya nani.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Kisongo alikuwa ameonja rangi, na mtu kama yule akionja kitu hakiachi. Siku ya pili yake tu aliomba msamaha kwa Sengasu, kwa unyenyekevu wa kweli, kisha akavisha vijiwe vyake rangi za mawingu. Kamba ya Mume wa Mvua ililegea ikalala chini kama nyoka aliyeshiba. Mgeni yule alitembea zaidi siku za mawingu kwa sababu kulikuwa na ubaridi mzuri, na mvua ilinyesha kwa sababu ulikuwa msimu wake. Hawakuwa wakijuana.

"Pole, shemeji," wanawake wa sokoni walimwambia. "Talaka haikosi kuuma."

"Mwanamke mwenyewe alikuwa na nyumba kila mahali," Sengasu akajibu, wakacheka mpaka wakaangusha mafungu ya mboga. Kiti kilichukuliwa siku hiyohiyo. Si kweli kwamba hakukisikitikia. Alikisikitikia wiki nzima, hasa nyakati za kula. Lakini alirudi kwenye chumba chake cha mitaa ya chini, na asubuhi Bi. Kalunde aligonga mlango akiwa na bakuli la uji, akaketi kwenye kizingiti akamtazama anavyokula, na hakusema neno kali hata moja. Kwa mtu anayemjua Bi. Kalunde, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Nchi ya Sanjari haikugeuka kwa siku moja. Makoti yaliendelea kuvaliwa, na mwenye funguo hakuziacha, alisema yeye bado anasubiri rangi yake. Lakini sheria iliongezwa kifungu kimoja: kabla ya kuoza, Mwozeshaji sharti aulize kwa sauti, "Yuko wa tatu?" na angoje jibu. Na mtumbwi ulipelekwa ng'ambo, safari hii ukiwa na watu wa kuita majina ya wale waliopelekwa zamani, nao hawakurudi nao wote, lakini hawakurudi watupu.

Siku ambayo Sengasu alikuwa akifunga mzigo wake, aliitwa kwenye ile nyumba kubwa. Mzee Malindisa alikuwa ameketi mezani, mbele yake karatasi tupu. Sakafuni watoto wake wawili walikuwa wakigombania kipande cha muwa.

"Wewe umetoka katika nchi ambako watu hushukuriana," Mzee akasema. "Sisi hapa tumeshukuru mikeka, tumeshukuru masufuria. Mtu hatujamshukuru. Huwa mnaanzaje?"

"Mnaanza kwa jina lake, Mheshimiwa."

"Halafu?"

"Halafu unasema alichofanya."

"Lakini mke wangu alikufa."

"Sema na hilo."

Mzee akaandika taratibu, akifuta kidogo, na alipomaliza akamsomea Sengasu kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Bi. Kalunde. Ulikuja kwangu mara nyingi kuliko nyumba yoyote. Nilihesabu ulivyokuja, nikahesabu na kaburi, nikavifunga pamoja, nikataka kukuvusha mto. Sikuhesabu waliobaki. Sote watatu tulikuwa na homa ileile, mimi na wanangu. Wao wako hapa sasa, wanapiga kelele. Mke wangu alikuuliza mara ya mwisho kama utakuja tena, na ulikuja. Nakushukuru kwa wanangu. Nakushukuru kwa kuja. Malindisa."

"Kuna cha kuongeza?" akauliza.

"Hakuna," Sengasu akasema.

Mzee akakunja karatasi, akawasha mshumaa, akadondosha lakiri. Akanyoosha mkono kuchukua muhuri wa kazi yake, ule wa pete mbili zilizofungamana, akautazama, akaurudisha chini. Akangoja lakiri ipoe kidogo, akabonyeza kwa kidole gumba chake mwenyewe.

Tarishi akaitwa. Alipokea barua akaipindua, akatafuta kama ilivyo desturi jina la kitu kinachopelekewa shukrani, na alipokosa akauliza, "Ya kitu gani hii, Mheshimiwa?"

"Si ya kitu. Ni ya mtu," Mzee Malindisa akasema. "Mpe mkononi. Na ukifika, vua kofia."

Tarishi akaitia barua mfukoni, akatoka, na kutoka dirishani walimwona akiteremka kuelekea mitaa ya chini, kofia tayari ameishika mkononi.